Leso Haina Mkondo

Chukua leso yoyote sokoni Kanja uitandaze mezani. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati. Sasa izungushe nusu mzunguko ili upande wa juu uwe wa chini. Katika leso nyingi pindo litaangukia palipokuwa na pindo, maua ya pembeni yataangukia palipokuwa na maua, na mji utakaa kama ulivyokaa. Kitu kimoja tu kitakushtaki kwamba umeigeuza: jina. Yale maneno machache yaliyokuwa karibu na ukingo wa chini sasa yako juu, miguu hewani, hayasomeki.

Wanafizikia wana namna ya kulieleza jambo hilo. Kitu kina ulinganifu ikiwa unaweza kukigeuza na mtu aliyefumba macho asijue kwamba umekigeuza. Halafu kitu kimoja kinauvunja ulinganifu huo, na kuanzia hapo kuna juu na kuna chini. Mama anayenunua leso hajali istilahi hizi, lakini jambo lenyewe analijua. Pindo likishampendeza, anasoma jina kabla hajauliza bei. Anajua kwamba leso isiyo na jina ni kitambaa tu, na jina lisilo na pindo ni kelele.

Naandika haya nikiwa na hasira kidogo, na sababu naitaja mapema. Tangu Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya wako Gredi ya 10, sekondari pevu, na kila mmoja ameingia kwa mlango wake: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Fizikia iko nyuma ya mlango wa kwanza. Fasihi ya Kiswahili iko nyuma ya mlango wa pili. Muziki na uchoraji viko nyuma ya ule wa tatu. Huku kwetu wazazi wanaulizana mkondo wa mtoto kama walivyokuwa wakiulizana ukoo: "Wako ameangukia wapi?" Na jibu likiwa "STEM", utasikia hongera. Likiwa "Sanaa", utasikia kimya, kisha pole.

Mimi nasema mgawanyo huu, kwa namna tunavyoupokea, ni uvivu wa kufikiri. Fizikia na sanaa zina kazi moja kubwa ya pamoja: kutafuta ulinganifu, na kujua ulinganifu huo unavunjika wapi na kwa nini. Mtoto akifunzwa kwamba hizo ni nyumba mbili zisizojuana, hatujamrahisishia maisha. Tumemnyima ufunguo wa zote mbili.

Tuanze na ushairi, maana wasomaji wengi wa jarida hili wanatoka huko. Muulize mtahiniwa yeyote shairi ni nini. Atakujibu mizani, vina, mishororo, beti. Nane kwa nane, kumi na sita kwa mshororo. Sawa, hizo ndizo sheria, na Kaluta Amri Abedi aliziandika vizuri mwaka 1954 katika *Sheria za Kutunga Mashairi*. Mwanafunzi anahesabu silabi kwa vidole kama muuza nyanya anavyohesabu mafungu, anaandika "shairi lina urari wa mizani", anapata maksi yake, anafunga kitabu.

Hakuna anayemuuliza swali la pili. Katika tarbia nyingi mishororo mitatu ya kwanza ina vina vilevile, halafu wa nne unakuja na vina vingine. Kwa nini wa nne? Kwa nini mafundi wa kale, watu walioipenda mizani kuliko sisi, waliamua kila ubeti uishie kwa kuvunja kile walichokijenga? Jibu liko sikioni. Mara tatu sikio limeahidiwa kitu na kupewa. Mara ya nne linaahidiwa tena, na halipewi. Hapo ndipo unapozinduka, na hapo ndipo mshairi anapoweka neno lake zito. Mwite kituo au kimalizio, kazi yake ni ile ya jina la leso.

Tazama na ile orodha tunayowakaririsha watoto chini ya "uhuru wa mshairi": inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Tunawafundisha kwamba mshairi amefupisha neno "ili kutosheleza mizani" au amelirefusha "ili kupata urari". Ati mshairi anaruhusiwa kuvunja lugha, mradi tu hesabu itimie. Kuvunja kumekuwa msamaha anaopewa mwenye deni. Kwamba huenda alivunja kwa sababu maana ilikuwa palepale kwenye ufa, hilo halina maksi.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na vita vya wanamapokeo na wanausasa vikapamba moto. Upande mmoja ulisema huo si ushairi. Upande wa pili ulisema vina ni pingu. Kwa maoni yangu kila upande ulishika nusu ya leso. Wanamapokeo waliona pindo wakasahau kwamba hata wao wana jina. Wanausasa, hasa wale waliokuja baadaye na kuiga bila kufanya kazi, waliona jina wakadhani halihitaji pindo. *Kichomi* kilichoma kwa sababu karne kadhaa za mizani zilikuwa tayari zimekaa masikioni mwa msomaji. Ukiwapa mashairi hayohayo watu ambao hawajawahi kusikia tarbia, watayasoma kama barua.

Aliyelielewa jambo hili vizuri ni jirani yetu. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, katika diwani kama *Mchezo wa Karata* na *Bara Jingine*, hakuridhika kuvunja mshororo tu. Aliyapanga maneno kwenye ukurasa yashuke, yasambae, yajirudie, mpaka jicho linaona mpango kabla ulimi haujasoma. Kisha mpango huo unateguka mahali fulani, na unajua umefika. Mtu wa Tharaka, mwendo mfupi tu kutoka hapa Kanja. Ni wangapi wamewahi kumwambia mtoto wa Gredi ya 10 kwamba huyo anafanya kazi ambayo mwanafizikia angeitambua?

Haya, twende kwa wanafizikia, na tusiogope.

Mwaka 1918 Emmy Noether, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Göttingen bila mshahara kwa kuwa alikuwa mwanamke, alithibitisha jambo ambalo fizikia yote ya leo imesimama juu yake. Alionyesha kwamba pale ambapo sheria za maumbile zina ulinganifu usio na hatua, yaani unaoweza kusogezwa kidogo kidogo, pana kitu kisichopotea. Sheria za leo ni zilezile za kesho: kwa hiyo nishati haipotei. Sheria za Kanja ni zilezile za Mombasa: kwa hiyo mwendo wa jumla haupotei. Mwanafunzi anayekariri "nishati haiumbwi wala haiharibiwi" amekariri pindo la leso bila kuambiwa kwamba ni pindo.

Ulinganifu huo uliwapendeza wanafizikia hata wakaanza kuuabudu, kama wanamapokeo walivyoabudu mizani. Fikiria kamba ya mkonge. Shosho akisokota uzi pajani kwa ajili ya kiondo, anasukuma nyuzi mbili upande mmoja, kisha anaziachia zijiviringe zenyewe kwa zenyewe upande wa pili. Kila uzi ukitaka kufumuka, unakaza msokoto wa kamba nzima. Ndiyo maana kamba haifumuki. Sasa iweke kamba hiyo mbele ya kioo. Kamba ya kiooni imesokotwa kinyume, na hata ukiigeuza vipi, haitakuwa ile ya mkononi. Lakini ingeshika mzigo vilevile. Kwa kamba, maumbile hayabagui kushoto na kulia, na hadi katikati ya miaka ya 1950 karibu wanafizikia wote waliamini kwamba hayabagui popote.

Mwaka 1956 Lee Tsung-Dao na Yang Chen-Ning wakauliza: nani amewahi kulipima hilo kwenye nguvu dhaifu, ile inayofanya baadhi ya atomi zioze? Hakuna aliyekuwa amepima. Mama mmoja, Wu Chien-Shiung, akapima. Alichukua kobalti-60, akaipoza hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa, akaipanga kwa sumaku ili viini vyake vizunguke upande mmoja, akatazama elektroni zinatokea wapi. Kama maumbile hayabagui, zingetoka sawa kwa sawa juu na chini. Hazikutoka sawa. Zilipendelea upande mmoja. Januari 1957 dunia ikajua kwamba maumbile yana mkono. Mwaka huohuo Lee na Yang wakapewa Tuzo ya Nobel. Wu hakupewa.

Na si kobalti peke yake. Mwanzoni mwa ulimwengu maada na kinyume chake vilikuwa karibu sawasawa, na vikikutana huteketezana na kubaki nuru. Vingekuwa sawasawa kabisa, hakungekuwa na nyota, wala mlima, wala kikombe cha chai. Kilichobaki ni ziada ya takriban chembe moja kwa kila bilioni. Chanzo cha ziada hiyo bado kinatafutwa. Lakini sisi sote, na mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili, tumeumbwa kutokana na ufa huo.

Sasa turudi nyumbani, maana hoja isiyoweza kusimama Kanja haina haja ya kusimama kwingine.

Mtoto akichora Mlima Kenya anachora pembetatu, pande mbili sawa, theluji kileleni. Mlima wenyewe haukubali. Batian una mita 5,199 na Nelion mita 5,188: mapacha ambao hawakulingana kwa mita 11. Na chini ya vilele tofauti ni kubwa zaidi. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na maji yake, unapanda mlima kwa upande wetu wa kusini na mashariki, unapoa, unamwaga mvua. Ukifika ng'ambo umeshakamuliwa. Ndiyo maana huku kuna majani chai na kahawa, na kule Nanyuki na Laikipia ni nchi ya ngano, ng'ombe na vumbi. Mlima ni mmoja, mwinuko uleule, na bado maisha ni mbalimbali, kwa sababu ya upepo tu. Huo ni ulinganifu uliovunjwa na kitu cha nje, na kila mkulima wa Kanja anaishi ndani yake.

Halafu kuna ulinganifu wa uongo. Pale Nanyuki, kwenye ubao wa ikweta, vijana huwaonyesha watalii maji ndani ya chombo chenye tundu, na kijiti kikielea juu. Hatua kadhaa kaskazini, kijiti kinazunguka upande huu. Hatua kadhaa kusini, upande ule. Juu ya mstari wenyewe, kinatulia. Watu wanapiga makofi, wanatoa pesa.

Ni kweli kwamba kuzunguka kwa dunia hugeuza dhoruba kubwa upande mmoja kaskazini na upande wa pili kusini. Hiyo ndiyo nguvu ya Coriolis. Lakini karibu na ikweta athari hiyo inakwisha kabisa, na hatua ishirini haziirudishi. Mkono unaomimina maji unaishinda kwa mbali sana. Yule kijana ndiye anayeyazungusha, kwa namna anavyomimina na anavyogeuza mwili. Mimi simlaumu, ni msanii. Amejua kwamba mtazamaji ana njaa ya ulinganifu, huku na kule, kioo na kioo, na anamlisha. Ninaolaumu ni sisi. Mtoto mwenye A ya fizikia akisimama pale anapiga makofi, kwa kuwa hakuwahi kufunzwa kuutazama mkono wa mchezaji. Na mtoto mwenye A ya fasihi naye anapiga makofi, kwa kuwa hakuwahi kufunzwa kuuliza nguvu hiyo ina ukubwa gani. Ili kuukamata uongo wa Nanyuki unahitaji macho yote mawili.

Najua nitakachojibiwa. "Mwalimu, mtu hawezi kusoma kila kitu. Lazima achague. Si wewe mwenyewe umesema kuvunjika ndiko kunakoleta maana? Basi mikondo ndiyo kuvunjika kwenyewe." Hoja nzuri. Lakini fizikia inaijibu kuliko mimi.

Chuma kikipashwa moto kupita nyuzi 770 za Selsiasi, usumaku wake unapotea. Kwake pande zote ni sawa. Kikianza kupoa, chembe zake zinakubaliana kuelekea upande mmoja. Kikipoa bila kuguswa, upande huo unaweza kuwa wowote, kwa kuwa kimejivunja chenyewe. Lakini ukiweka sumaku nyingine karibu wakati kinapoa, kitaelekea unakotaka wewe. Wanafizikia hawachanganyi mambo haya mawili. Ile ya kwanza, kujivunja kwa kitu chenyewe, ndiyo iliyompa Yoichiro Nambu Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Ndiyo pia iliyo nyuma ya bozoni ya Higgs, iliyotabiriwa mwaka 1964 na kutangazwa kupatikana tarehe 4 Julai 2012, na bila hiyo elektroni isingekuwa na uzito.

Mtoto wa Gredi ya 9 ni chuma cha moto. Atapoa, ndiyo, na ataelekea mahali. Swali ni nani ameweka sumaku pembeni. Serikali ilitangaza mapema kwamba inataka takriban asilimia 60 waende STEM, 25 Sayansi za Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Hesabu ilipangwa kabla watoto hawajaulizwa. Shule ya kutwa ya kijijini isiyo na maabara ni sumaku. Karo ya bweni ni sumaku. Yule shangazi anayesema "msichana na umeme wapi na wapi" ni sumaku, na yule baba anayesema "uchoraji haulipi" ni sumaku kubwa zaidi. Tukishamaliza kumvuta, tunasema amechagua.

Abdus Salam, Mpakistani aliyegawana Nobel ya mwaka 1979 na Weinberg na Glashow, alionyesha kwamba nguvu ya umeme-sumaku na nguvu dhaifu, zinazoonekana leo kama wageni wasiosalimiana, zilikuwa kitu kimoja hadi ulimwengu ulipopoa. Mtu huyo alianzisha kituo cha Trieste, Italia, mwaka 1964, ili mwanafizikia wa nchi maskini asilazimike kuhama kabisa au kuacha kazi. Leo kituo hicho kina tawi Kigali, kwenye Chuo Kikuu cha Rwanda. Mtoto wa Kanja anaweza kufika Kigali kwa basi. Ila lazima kwanza tusimwambie, akiwa na miaka kumi na mitano, kwamba anayependa leso na tarbia hana la kufanya huko.

Wala tusijidanganye kwamba fikra hii ni ya kizungu. Wanahisabati wamethibitisha kwamba mchoro unaojirudia kwenye ukanda, kama pindo, una namna 7 tu za ulinganifu. Donald Crowe alipoichunguza sanaa ya Wakuba wa Kongo, alizikuta zote 7. Na vitambaa vyao vya rafia vinasifika kwa jambo jingine: katikati ya kitambaa mchoro unabadilika ghafla, kama aliyefuma amechoka kutabirika. Hawakuwa na cheti cha hisabati. Walikuwa na jicho, na subira, na ujasiri wa kuvunja.

Ninachotaka si kikubwa. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wa shule moja waingie darasa moja, saa moja kwa muhula, na leso moja, kamba moja na tarbia moja. Mtihani ukiuliza umbo la shairi, uulize pia umbo hilo linavunjika wapi na linasema nini hapo. Shule itafute njia ya kumruhusu mtoto anayetaka fizikia pamoja na fasihi, au fizikia pamoja na muziki, ahangaike na zote mbili, na isimjibu kwamba ratiba haikubali. Ratiba imeandikwa na watu kwa kalamu, na kalamu hiyohiyo inaweza kuiandika upya.

Na wewe mzazi, siku utakayoulizwa wako ameangukia wapi, usijibu upesi. Muulize mtoto mwenyewe kwanza, peke yake, mbali na shangazi.